Binti Yetu Uwanjani: Tujifunze kwa Yairo



Katika vijiji vyetu vya Masisi na Walikale mpira wa miguu hauhitaji fedha nyingi. Penye majani makavu ya migomba na kipande cha kamba, watoto wanao mpira. Penye malisho ya ng'ombe yasiyo na mteremko mkali, wanao uwanja. Na siku hizi si wavulana peke yao. Wasichana nao hukaza vitenge vyao kiunoni, huvua ndala na kuingia mchezoni. Hapo maneno huanza. Mzazi mmoja hucheka, mwingine hukaripia, mwingine hujifanya hajaona. Leo twapenda kumtafakari mzazi wa namna ya nne: yule anayesimama kando ya uwanja na kumtazama binti yake bila kuona haya.

Tukiri kwanza kwamba sisi wenyewe hatukuwa wazazi wa namna hiyo tangu mwanzo. Binti yetu alipofikisha umri wa miaka 12, tulimkataza mpira. Tulimwambia kwamba mtoto wa katekista hakimbii mbele ya macho ya watu. Alitii. Jioni ile aliketi jikoni akimenya mihogo bila kusema neno, huku kaka yake akitoka na mpira mkononi. Usiku mama yake akatuuliza: ni dhambi gani mliyoiona? Tuliitafuta, hatukuipata. Tulichokipata ni woga wa maneno ya majirani, nao tulikuwa tumeuvika vazi la dini.

Lakini si kila hofu ya mzazi ni upuuzi. Tuzipime moja moja.

Husemwa kwamba mpira humharibu msichana, hata asiolewe wala asizae. Hayo ni maneno ya barazani. Wanawake wanaocheza huolewa na kuzaa kama wengine. Anayekataa kuoa msichana kwa sababu alicheza mpira ameonyesha mapema moyo wake ulivyo, na heri mtu ajulikane kabla ya ndoa.

Husemwa pia kwamba kazi za nyumbani zitalala: maji, kuni, chakula, wadogo wa kubeba mgongoni. Hili lina ukweli wake, kwa maana nyumba haiendeshwi na upepo. Lakini tujiulize kwa nini kaka akienda kucheza kazi hazilali. Ni kwa sababu dada amebaki. Basi si mpira uliokosa nafasi nyumbani mwetu. Ni haki iliyokosa nafasi. Mvulana anayeweza kukimbia uwanjani saa nzima anaweza pia kubeba kidumu cha maji.

Hofu ya tatu ni nzito, wala hatumcheki mzazi aliye nayo: usalama. Mwezi wa Januari 2025 vita vilipita Masisi na Sake vikafika Goma. Mwezi wa Machi mwaka uleule vikafika Walikale-centre. Familia zimelala makanisani na katika madarasa ya shule. Katika nchi yenye bunduki nyingi namna hii, baba anayesema, "Urudi kabla jua halijatua," si adui wa binti yake. Hata hivyo tuseme ukweli wote. Njia ileile tunayoiita ya hatari binti anapokwenda mpirani, ndiyo tunayomtuma kila siku kutafuta kuni na kuteka maji, mara nyingi akiwa peke yake. Tunajua ni wanawake na wasichana wangapi waliodhulumiwa wakiokota kuni. Kama njia ni ya hatari, basi ni ya hatari siku zote, na dawa yake ni kumsindikiza mtoto. Hatari isiwe sababu inayokumbukwa tu pale furaha yake inapotajwa.

Vijana wapendwa, tufungue Injili ya Marko, sura ya 5. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu mwenye cheo na heshima. Binti yake, mwenye miaka 12, alikuwa mahututi. Katika dunia ile binti hakuhesabiwa sana. Wengine wangemwambia baba ajipe moyo na kungoja mtoto wa kiume. Lakini Yairo alipiga magoti miguuni pa Yezu mbele ya umati. Hakuogopa watu wangesema nini. Aliongozana na Yezu njia nzima, hata habari mbaya zilipomkuta njiani. Nyumbani kwake watu walimcheka Yezu, naye akawatoa nje wenye kicheko, akawabakiza baba na mama. Msichana alipoinuka na kutembea, Bwana aliagiza jambo moja dogo, la jikoni kabisa: kwamba apatiwe chakula.

Twaona hapo kazi yote ya mzazi. Binti anayecheza hahitaji kelele za shangwe tu. Anahitaji sahani yake ya ugali na maharage iwe sawa na ya kaka yake, kwa kuwa mwili unaokimbia hula. Anahitaji apangiwe saa, ili amalize masomo na kazi kisha aende bila kuiba muda. Anahitaji mtu wa kuongozana naye njiani. Tena anahitaji mzazi anayewatoa nje wenye kicheko, yaani anayemwambia shangazi, jirani, hata mzee wa shirika, kwa adabu lakini waziwazi: "Mimi ndiye niliyemruhusu."

Anahitaji pia macho ya mzazi. Kwenye mchezo wa watoto huingia mara nyingine watu wazima wenye nia mbaya. Wazazi wajue kocha ni nani, mazoezi hufanyika wapi na huisha saa ngapi. Kocha mwema hana siri na mtoto ambayo mzazi haruhusiwi kuijua. Zawadi za faraghani, safari isiyoelezwa, mwito wa kuonana peke yao: hayo mtoto ayaseme nyumbani, na nyumbani aaminiwe. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, nayo inakataza kumwoza. Mzazi aliyezoea kwenda uwanjani ataona jambo baya likianza. Aliyemfukuza binti yake uwanjani, binti akaenda kwa siri, hataona kitu.

Liko kosa jingine, linalotoka upande wa pili. Tarehe 23 Novemba 2024, huko Morocco, wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi waliifunga AS FAR, timu ya nchi ileile, bao 1 kwa 0, wakatwaa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika. Tulifurahi wote. Kocha wao wakati huo, Lamia Boumehdi, naye ni mwanamke. Wazee tunakumbuka pia kwamba mwaka 1998, huko Nigeria, timu ya taifa ya wanawake ilishika nafasi ya tatu barani. Basi mabinti wa Kongo wanaweza. Lakini ushindi wa namna hii humletea mzazi maskini kishawishi: kumwona binti yake kama mgodi. Sisi tunaishi karibu na koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Bisie. Tunajua kitu kinachimbwaje mpaka panabaki shimo. Tusimchimbe mtoto. Asiachishwe shule kwa ndoto ya Ulaya, asipigwe kwa kukosa bao, asikabidhiwe kwa mgeni asiyejulikana kwa sababu ameahidi timu ya mbali. Wengi watakaocheza hawatafika Lubumbashi, wala hilo si hasara. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, wasichana wamekuwa wakikusanywa kwa mpira tangu mwaka 2001 katika kazi iitwayo Moving the Goalposts, na uwanja umekuwa mahali pa kuzungumzia shule, afya na heshima yao. Faida ya namna hiyo hupatikana hata bila kombe.

Kanisa halioni mchezo kuwa upuuzi. Mwaka 2018 idara ya Vatikani inayohusika na walei, familia na uhai ilitoa hati nzima juu ya michezo. Na tarehe 2 Februari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na vijana na makatekista wa Kongo katika uwanja wa mpira, Stade des Martyrs wa Kinshasa. Aliwafundisha kwa vidole vya mkono: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, utumishi. Timu isiyo na hayo haidumu, iwe ya wavulana au ya wasichana.

Kwenu, vijana wa kiume: uwanja wa parokia si urithi wenu. Gawaneni saa, tena saa nzuri, si ile ya giza. Kwenu, vijana wa kike: msidanganye mnakokwenda, ruhusa iliyoombwa kwa ukweli hudumu. Kwenu, viongozi: watafuteni wanawake wa kuongoza mazoezi, mmalize mapema, na wasichana warudi pamoja, pasiwepo anayeachwa njiani.

Binti yetu alirudi uwanjani baada ya mwaka mzima. Hakupata kuwa mchezaji mashuhuri. Lakini tulipokimbia vita na kulala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, ni yeye aliyekusanya majani ya migomba, akayafunga kwa kamba, akawaita watoto uani, wavulana kwa wasichana. Kwa muda wa saa moja walisahau njaa. Sisi tulisimama kando tukitazama. Tulikumbuka jioni ile ya mihogo, tukamwomba Mungu msamaha.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Nyumbani mwetu, kaka akicheza, nani hufanya kazi yake? Dada akicheza, je?

2. Ni kicheko gani cha watu ambacho mimi nimekiogopa kuliko nilivyomjali mtoto au ndugu yangu?

3. Parokia yetu ifanye nini mwezi huu ili wasichana wacheze na kurudi nyumbani salama?

Mwenye heri Anuarite, utuombee.