Mchumaji Chai Anahitaji Dawa Mpya

Wapo wanaosema dawa za virusi vya Ukimwi zimetosha: tembe moja kwa siku humfikisha mtu uzeeni, basi fedha za kubuni nyingine zijenge zahanati. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba kirusi hiki hujinakili kwa makosa mengi, na baadhi ya makosa hayo huzaa usugu. Nevirapini na efavirenzi zilidhoofishwa hivyo. Ndiyo maana mwaka 2017 Kenya ilianza kutumia dolutegraviri, inayozuia kirusi kupachika jeni zake ndani ya seli zetu.

Kericho, nchini Kenya, inajua gharama ya kukosa dawa. Utafiti wa mashamba yake ya chai uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba wachumaji wenye virusi, katika mwaka mmoja na nusu kabla ya kuacha kazi, walichuma takriban kilo 4 hadi 8 pungufu kwa siku. Na hawa hulipwa kwa kilo! Kwa anayelipwa hivyo, awe na virusi au la, kila siku ya kliniki ni ujira uliopotea. Lenakapaviri, inayovuruga ganda la kirusi, hudungwa mara mbili tu kwa mwaka kama kinga. Ni ghali, mtasema. Marekani huuzwa zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Lakini watengenezaji wa India wameahidi dola 40 kuanzia 2027. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) ina kituo Kericho; Serikali ikitengee fedha zake yenyewe za kutafuta dawa mpya, isingoje wafadhili.