Mkimbiaji Asigombaniwe

Si jambo geni visiwani kumwona kijana aliyeshinda mbio za mita 100 za skuli akivaa jezi ya klabu ya kandanda mara tu msimu wa riadha unapomalizika. Wapo wanaotaka kijana huyo akatazwe mpira. Sisi hatukubaliani nao.

Mpira humwongezea mkimbiaji pumzi na wepesi wa kugeuka, na humwepusha na uchovu wa zoezi lilelile mwaka mzima. Usain Bolt wa Jamaica, kisiwa kama vyetu, alipenda kriketi utotoni, na ni katika mchezo huo kasi yake ilipotambuliwa.

Hata hivyo, kila mchezo una gharama yake. Mkimbiaji wa mbio fupi hutegemea sana msuli wa nyuma ya paja, na msuli huohuo ndio unaoumia mara nyingi katika kandanda. Baada ya kukimbia kwa nguvu zote, mwili huhitaji kiasi cha siku mbili kupumzika. Kijana anayecheza mechi jioni, na asubuhi yake akatakiwa kukimbia kwa kasi yake yote, anasukumwa kwenye jeraha.

Kosa si la kijana. Yeye humwitikia kila amwitaye, hali mwalimu wake wa riadha na yule wa klabu hawakai kitako wakashauriana. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kijana wetu akiachwa hivi, zote mbili zitamponyoka.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa Wizara inayohusika na michezo, pamoja na vyama vya riadha na kandanda, Unguja na Pemba, viweke kalenda moja. Mwanzoni mwa mapumziko, mpira mara mbili kwa wiki unatosha. Msimu ukikaribia upunguzwe, na wiki sita kabla ya mashindano kijana aachiliwe kabisa na klabu yake. Siku nyingine aogelee, zoezi linalojenga pumzi bila ya kuitaabisha miguu, au akimbie polepole ufukweni maji yanapokupwa. Hayo hayahitaji fedha za kigeni.

Linalohitajika ni watu wazima kukubaliana. Paja likishachanika, hakuna kikombe kitakacholiunga.