KORTI YA MTANDAO, NI YA NANI?



Tangu Machi 2020, wakati wa Korona, korti za Kenya husikiza mashauri kwa mtandao. Machi 2024 ikatangazwa kwamba hati nazo zipelekwe kwa mtandao nchi nzima. Wakubwa wasema haki imemfikia raia mlangoni. Mlango gani?

Kibarua wa Lunga Lunga aliyefukuzwa bila notisi hana wakili. Tajiri anaye, tena yuko ofisini, mashine mbele yake na umeme haukatiki. Kibarua yuko chini ya mwembe na simu ya kuazima, bando lamwishia, na hapa mpakani mara mawimbi ya Tanzania yaingia, ya Kenya yatoka. Jina lake likiitwa asisikike, huandikwa hakuja. Shauri laweza kufutwa hivyo hivyo!

Hatupingi mtambo. Kwenda Korti ya Kazi Mombasa ni karibu kilomita 100, na feri ya Likoni juu yake, na kibarua cha siku hiyo kimepotea. Tunalopinga ni kumtwika maskini gharama ya mtambo. Korti ya Msambweni ina paa, viti na karani kwa kodi zetu. Basi korti ya mtandao nayo iwe na chumba Lunga Lunga, chenye skrini, na karani wa kumweleza mtu hati zake kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 48, yasema ada isimzuie mtu kupata haki. Bando si ada?

Na hadi chumba hicho kifunguliwe, hakimu asifute shauri la asiye na wakili kwa kosa la mtandao. Ampangie siku nyingine.