Usiku Mnawatunza, Asubuhi Mnawakana

Singeli siku hizi ina heshima zake. Imetoka Manzese, Tandale na Mburahati ikafika majukwaa ya Ulaya. Tangu Nyege Nyege Tapes ya Kampala itoe albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, wachambuzi hawachoki kusifu kasi ya mdundo. Sawa. Ila historia wanayoandika ni ya maprodyuza na kompyuta zao. Wachezaji wamefutwa.

Singeli imelelewa na kigodoro: mkesha wa shughuli, mtaa umefungwa, spika zimepangwa, vipande vya taarabu vinakimbizwa hadi kunakucha. Shughuli ni ya wanawake. Na kwenye vigodoro nilivyovijua mimi huku Temeke, aliyewasha uwanja kwa kukata kiuno, khanga imemkaa sawasawa, mara nyingi alikuwa shoga. Wanawake walimtunza noti. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Neno lenyewe linatusuta. Shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mtaani likamwangukia na mwanaume huyu, na sioni kama ni ajali: alikuwa wa upande wao. Ngomani ndiko walikokutana wenyewe kwa wenyewe. Huko waliitana dada, wakatafutiana kazi za kusuka na kupamba maharusi, wakapangisha chumba pamoja baada ya kufukuzwa kwao. Kiuno kiliwapa ugali, kikawapa na ndugu.

Halafu mnasema mambo haya yameletwa na wazungu. Jamani, kigodoro kilipanda ndege lini kutoka London? Kilichotoka huko ni sheria. Kifungu cha 154 kimo kwenye Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na Waingereza, ya mwaka 1945. Sisi tukaikaza: sasa ni kifungo cha maisha, na si chini ya miaka 30.

Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka, aliomba raia wampelekee majina. Serikali ilijitenga naye, ila swali langu halijafutika: majina hayo angeyajua nani, kama si majirani waliokwisha kuwaalika kwenye shughuli zao?

Kwa hiyo, ninyi mnaoandika kuhusu singeli: majina ya watu yaacheni, yana hatari. Kazi yao iandikeni. Muziki hauwezi kuwa fahari ya taifa huku waliouchezea wakiitwa aibu yake.