Sikinde Kwenye Kapu la "Vinginevyo"

SIKIO LA JUMAMOSI
Na Hamisi Mwakaje

Novemba 2023 The Beatles walitoa wimbo mpya, "Now and Then", ilhali wawili kati ya wanne walikwisha kufa. Sauti ya John Lennon ilitoka kwenye kaseti aliyojirekodia nyumbani kwake New York miaka ya 1970, akiimba huku anapiga piano. Wenzake walipojaribu kuutengeneza mwaka 1995 walikata tamaa, kwa kuwa piano ilikuwa imemfunika mwimbaji. Safari hii kompyuta za watu wa Peter Jackson, mwongozaji filamu wa New Zealand, ziliichomoa sauti ile ikatoka peke yake, safi.

Tangu hapo nasikia vijana wa studio wakisema kwamba wimbo wowote wa zamani sasa unachambulika chombo kimoja kimoja. Wowote? Waingize basi wimbo wa bendi ya dansi ya Mlimani Park, wana Sikinde, wasikie kinachotoka.

Programu za kuchambua hivyo, kama Spleeter ambayo Deezer ya Ufaransa iliitoa bure mwaka 2019, au Demucs ya Facebook, hazifukui kilichopigwa. Hubashiri. Hulishwa nyimbo ambazo kila chombo kina treki yake, mpaka zijue mlio huu ni wa besi na ule wa mwimbaji. Mkusanyo ambao watafiti wameutumia sana, MUSDB18, una nyimbo 150, nyingi mno zikiwa pop na roki za Magharibi, na kila wimbo umegawanywa mafungu manne: sauti, ngoma, besi na "vinginevyo".

Kwa roki hilo linatosha. Kwa dansi, wimbo wenyewe umo humo kwenye "vinginevyo". Solo, second solo na ridhimu zinapishana, kila gitaa likijaza nafasi aliyoiacha mwenzake, kisha tarumbeta na saksafoni zinaitikia juu yake. Vyote hivyo vinatupwa kapu moja. Nilipojaribu, waimbaji walitoka vizuri mpaka tarumbeta zilipoingia. Hapo vipande vya tarumbeta vikawafuata waimbaji kwenye treki yao. Tumba ndiyo ilinichekesha: kofi la kiganja lilikwenda kwenye ngoma, mvumo wake ukabaki kwingine, kana kwamba wapigaji ni wawili. Lipo toleo la Demucs linalolipa gitaa treki yake, lakini magitaa yote linayahesabu kuwa moja. Udi na kanuni za taarab hazina hata fungu.

Wapo wanaosingizia kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Ni kweli bendi zilipiga kwa pamoja, vyombo vikiingiliana kwenye vipaza sauti. Lakini kaseti ya Lennon ilikuwa na afadhali gani, ya nyumbani, piano na mwimbaji kwenye treki moja? Watu wa Jackson waliifundisha mashine yao kutambua sauti walizozitaka. Ridhimu ya Dar es Salaam hakuna aliyeifundisha.

Na kuifundisha kunawezekana. Bendi za dansi bado zinapiga, na baadhi ya wazee waliozipigia enzi zile wako hai. Unguja kipo Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako udi na kanuni vinafundishwa. Nyimbo hamsini zirekodiwe upya, kila mpigaji kwa treki yake, ridhimu mbali na solo, tumba mbali na ngoma, wapewe watafiti wetu wa vyuo vikuu. Fedha za kazi hiyo ni ndogo kuliko zinazomwagwa kwenye tamasha moja la usiku mmoja.

Ila wapigaji walipwe kwanza, kwa mkataba ulioandikwa. Wengi wao walikuwa waajiriwa wa bendi za mashirika, wakila mshahara huku nyimbo zikichezwa redioni miaka nenda rudi. Leo mtayarishaji akimudu kuing'oa solo ya mzee na kuiweka kwenye biti yake, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, itahitaji kujua solo ile ni ya nani, na mara nyingi jina hilo halikuandikwa popote.

Wenye studio nao wana lao. Wimbo ukishatoka, wapo wanaofuta treki zote ili diski ipate nafasi. Diski ya pili haina bei ya kutisha. Nunueni, na kila treki iandikwe jina la aliyeipiga.