Chumvi, Maji na Uwezo wa Kiswahili

Kwa muda mrefu kumekuwepo dhana potofu kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, nyimbo na siasa, lakini kikifikishwa mlangoni pa maabara hupigwa na bubuwazi. La kusikitisha ni kwamba dhana hii husikika hata miongoni mwetu tunaokisomea. Kwa maoni yangu, kasoro haimo katika lugha bali katika uzembe wetu sisi wanalugha. Na tuitazame mada moja tu ya kemia: yale yanayoyapata maji yanapotiwa chumvi.

Maji safi, katika usawa wa bahari, huchemka yafikapo nyuzi 100 za selisiasi na kuganda kwenye nyuzi sufuri. Tia gramu 58 za chumvi katika kilo moja ya maji hayo: sasa yatachemka kwenye takriban nyuzi 101, na hayatagandi mpaka yashuke zaidi ya nyuzi 3 chini ya sufuri. Kwa nini? Kwa sababu chembe za chumvi zilizotapakaa majini hupunguza idadi ya molekuli za maji zinazoponyoka kuwa mvuke, na vilevile huzizuia kujipanga ziwe barafu.

Tukitaka kupata nusu tu ya ongezeko hilo la joto la kuchemka kwa kutumia sukari, itatubidi tutie gramu 342. Vipimo hivi viwili vina idadi sawa ya vipande vya msingi, ila kila kipande cha chumvi hugawanyika kikawa ayoni mbili, ilhali molekuli ya sukari hubaki nzima. Kinachohesabiwa, basi, si uzito wala aina ya kitu, bali idadi ya chembe zake.

Mwaka 1891, Wilhelm Ostwald alizibuni sifa hizi jina lenye asili ya Kilatini, lenye maana ya kufungwa pamoja. Mwanafunzi akilisikia jina hilo hapati fununu yoyote ya maana yake. Je, tukiziita ‘sifa za idadi’, hatutakuwa tumemweleza nusu ya somo kabla mwalimu hajashika chaki?

Hata hivyo, tusijisifu mno. Twasema barafu ‘imeyeyuka’, na chumvi nayo ‘imeyeyuka’ majini, ingawa haya ni mambo mawili tofauti. Barafu hugeuka kutoka yabisi kuwa kiowevu. Chumvi huachana chembe kwa chembe ndani ya kiowevu kingine. Kiswahili kina kitenzi kingine, kumumunyika, ambacho kingeweza kutenganisha dhana hizi. Lakini kitabu kimoja huandika ‘mmumunyo’, kingine ‘myeyusho’, na msomaji huachwa njia panda. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilichapishwa na TUKI mwaka 1990. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuifungua?

Huenda msomaji akauliza: haya yana faida gani kwa mwananchi wa kawaida? Maji ya dripu hospitalini hutiwa gramu 9 za chumvi kwa kila lita ili yalingane na damu. Maji matupu yakiingizwa mshipani, hupenya ndani ya chembechembe nyekundu za damu zikavimba na kupasuka. Hali kadhalika, mzazi anayemtengenezea mtoto anayeendesha maji ya chumvi na sukari huambiwa atie nusu kijiko kidogo cha chumvi na vijiko sita vidogo vya sukari katika lita moja. Akizidisha chumvi, maji huvutwa kutoka katika seli za mwili, na dawa ikageuka sumu. Mzazi huyo hahitaji Kilatini. Anahitaji maelezo sahihi kwa lugha aielewayo.

Kwa hivyo, natoa wito kwa wahadhiri na wanafunzi wenzangu: tubishe hodi katika idara za sayansi, tuketi na wenzetu, na tukubaliane juu ya istilahi moja kwa kila dhana. Haba na haba hujaza kibaba. Istilahi nazo, kama chembe za chumvi majini, nguvu yake imo katika idadi.