Ushindani ni Kinga ya Mnyonge



Mwaka 2022 kampuni ya supamaketi ya Kroger, Marekani, ilitangaza kuinunua mshindani wake Albertsons kwa dola bilioni 24.6. Ziliahidi kuuza maduka 579 kwa kampuni nyingine ili ushindani usife. Ahadi ya namna hiyo ilikwisha kujaribiwa: Albertsons ilipoichukua Safeway mwaka 2015, kampuni ndogo ya Haggen iliuziwa maduka 146, na mwaka huohuo ikafilisika.

Desemba 2024 mahakama ilizuia ununuzi huo, nayo ilitenda haki. Mama mwenye kipato kidogo hana wakili wa kumtetea bei ya mkate inapopanda. Mtetezi wake ni duka la pili, ng'ambo ya barabara. Maduka yote mawili yakiwa ya tajiri mmoja, atakwenda wapi?